Gurudumu halimfanyi mtu mfinyanzi

Chungu changu cha kwanza cha gurudumu kilipasuka juu ya mafiga, kwetu Rugenge. Maharage yalimwagika motoni na wadogo zangu wakalala na ugali mtupu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya miezi mitatu katika karakana moja ya Bujumbura, nikivuka mpaka kila Jumamosi, na cheti ninacho. Koko mmoja anayetuletea vyungu kutoka milimani aliokota kigae, akakisugua kwa kidole gumba, akaniuliza: “Mwanangu, mchanga wake uko wapi?”

Udongo wa gurudumu huchujwa hadi uwe laini, maana chembe kubwa hukwaruza viganja donge linapozunguka. Chungu cha kupikia kinataka kinyume chake. Koko husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavichanganya na udongo mbichi, na chembe hizo huzuia ufa usikimbie moto unapokishika chungu upande mmoja. Sisi darasani tunafundishwa kwamba “mfinyanzi hulia gaeni” ni methali ya mtu asiyefaidi kazi yake. Sawa, lakini aliyetufafanulia hajamwona koko akikusanya vigae hivyo kama mbegu.

Karakanani sikufundishwa hayo, wala sikuuliza, kwa sababu nilijiona nimeshampita. Hapo ndipo nina ugomvi na namna tunavyosema “kuendeleza ufinyanzi.” Tunamaanisha mota, chumba na cheti. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kujenga chungu kwa mkono kutoka kwa Ladi Kwali. Kwali alikuwa mfinyanzi hodari kabla hajaingia kituoni. Gurudumu alijifunza humo, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, yeye mwenyewe akiizunguka. Odundo alisoma Uingereza, na vyungu vilivyompa jina duniani havikutoka kwenye gurudumu.

Kwetu kuna sababu nyingine, na tuiseme. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu ufinyanzi umehesabiwa kazi ya Watwa, na dharau waliyopewa wao ikaangukia chungu. Mwanafunzi akifinyanga kwa mota anaitwa msanii. Koko akifinyanga chini ya mti, watu wanapunguza bei kabla hajautua mzigo.

Silikatai gurudumu. Nalipenda mno, hasa ile dakika donge linapoacha kutikisika na maji yanateleza kama hakuna mkono. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwa Kifaransa “centrer,” nami katika daftari langu nikaandika “kuweka katikati,” maneno yasiyosema lolote juu ya nguvu ya viwiko wala pumzi iliyozuiwa. Nilimwonyesha koko kwa mikono mitupu jinsi udongo unavyorukaruka na unavyobanwa. Akacheka. “Kumbe unautuliza,” akasema. Hajawahi kugusa gurudumu, na neno analo.

Kila mwaka kitivo chetu kinapokea kazi za istilahi zilizotolewa kamusi moja na kuingizwa nyingine. Naomba walimu wetu wakubali kazi ya mwisho inayofanywa miezi kadhaa kando ya mfinyanzi, mwanafunzi akikanda udongo na kubeba kuni, naye mfinyanzi alipwe kwa siku kama mwalimu yeyote. Najua nitajibiwa kwamba hii ni kitivo cha lugha, si shule ya ufundi. Basi anijibu pia nani atatupa maneno ya kazi hii, ikiwa wanaoyasema wanazeeka na mabinti zao wanauza sufuria za alumini na vidumu vya plastiki sokoni.

Jumamosi nitarudi Bujumbura na kiroba cha vigae vilivyosagwa. Mwalimu wa gurudumu amekubali tujaribu, ingawa amenionya nitachubuka viganja.