Si Kila Mume Amefungwa

Katika dini hakuna haya, ndivyo tulivyofundishwa chuoni tungali wadogo. Basi leo, ndugu msomaji, niwie radhi nizungumze jambo ambalo hapa kwetu pwani hunenwa kwa sauti ya chini barazani, baada ya isha, vijana wakiisha kuondoka: mume kupungukiwa na nguvu.

Jirani yangu, mtu wa makamo, alinijia kwa siri. Ataka kumwacha mkewe. Asema amefungwa, na aliyemfunga ni mama mkwe. Mganga amekwisha kula fedha zake, na chupa tatu za mizizi amezimaliza. Nilimtazama. Tumbo limeitangulia kanzu, na katika mazungumzo yale mafupi alikwenda msalani mara mbili. Nikamwuliza kama amewahi kupimwa sukari. Akakasirika.

Mimi si tabibu, lakini nimesoma, na yamenifika. Mwanamume ana homoni iitwayo testosteroni, ambayo wataalamu wa Amsterdam waliitoa katika korodani za mafahali mwaka 1935. Hutengenezwa korodanini kwa amri ya tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mbaazi. Ikipungua, mtu hukosa hamu, huchoka, misuli hulegea na moyo huingia huzuni. Hata hivyo, udhaifu wa kitandani mara nyingi ni kosa la mishipa ya damu, iliyoharibiwa na kisukari, presha au sigara.

Umri una fungu lake: baada ya miaka 40 hivi homoni hii hupungua kama asilimia 1 kwa mwaka, na hilo peke yake si ugonjwa. Linalotumaliza hasa ni tumbo. Mafuta ya mwilini huigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na ile tezi ikazubaa. Twala biriani, twakaa kitako tangu alasiri, kisha twamlaumu mama mkwe! Usingizi nao una haki yake. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Chicago kilieleza habari za vijana 10 waliolala saa 5 tu kwa muda wa juma moja; testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Na kwetu kijana hutafuna muguka mpaka alfajiri.

Wako waliopata matumbwitumbwi ukubwani yakashukia korodani, wako wenye uvimbe kwenye ile tezi, na wako waliozaliwa na hitilafu wasiijue mpaka wakakosa watoto. Lakini liniumalo zaidi ni unga. Heroini, na dawa kali za maumivu za jamii yake, huinyamazisha tezi ya ubongoni. Vijana wetu wangapi wamerudishiwa wake kwao, na hakuna aliyewaambia kuwa hili nalo latokana na unga?

Wauza sindano za kutunisha kifua nawalaumu waziwazi. Mwili ukipewa homoni ya nje huacha kutengeneza yake, na mbegu za uzazi hupungua, pengine zikaisha kabisa. Mtu ataka mtoto, nao wamwuzia kitu cha kumnyima!

Mimi mwenyewe nilitolewa damu jioni katika kliniki moja, nikaambiwa nimepungukiwa, nikaandikiwa sindano. Kumbe kipimo hiki hutakiwa asubuhi, kabla ya kula, na kikionyesha upungufu kirudiwe siku nyingine. Nilikirudia asubuhi mahali pengine. Sikuwa na upungufu wowote. Ni uchovu wa kazi ya usiku. Hospitali zetu zingebandika maneno hayo mawili ukutani, watu wangapi wangenusurika?

Jirani yangu alikwenda hatimaye, mkewe akimsindikiza. Sukari ilikuwa juu mno. Sasa namwona akitembea ufuoni kila baada ya sala ya alfajiri, na ile talaka haijaandikwa.