Mifano Mitano Haitoshi

Wenzangu wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha wengi wetu tutaandika andalio la somo la mtindo uleule: mifano miwili ubaoni, kanuni, zoezi, kengele. Mimi nasema mtindo huu unawazoesha watoto kuamini bila kuhakiki. Shahidi wangu ni namba moja tu: 4,294,967,297.

Inapatikana hivi. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. 4 mara 4 ni 16. 16 mara 16 ni 256. 256 mara 256 ni 65,536. Kila moja iongezee 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni namba tasa. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17 na kichwa kweli kweli, aliamini mfululizo huu utazaa namba tasa milele.

Ya sita ndiyo hiyo yangu. Ijaribu kwa zile mbinu za shule: si shufwa, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, kwa hiyo hata 3 haiigawanyi. Ukiitazama hivi hivi, unaapa ni tasa.

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Shika kalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 41 ni 274,717,097. Jumlisha. Imeisha hiyo!

Na 641 haihitaji kubahatisha. Euler alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Chini ya 641, namba tasa za aina hiyo ni nne tu: 193, 257, 449 na 577. Jaribio la tano linatoa jibu. Mpaka leo, katika mfululizo ule, hakuna namba tasa ya sita iliyopatikana.

Mifano mitano, jina kubwa, na bado kanuni ilivunjika hatua iliyofuata. Sisi na mifano yetu miwili tunajiamini nini?

Najua utaniambia darasa lina wanafunzi themanini, silabasi ndefu na mtihani unakuja. Sawa. Lakini hili linataka dakika tano tu. Andika ubaoni 3, 5, 7, kisha uliza: "Namba witiri zote kuanzia 3 ni tasa?" Nyamaza. Acha mtoto wa nyuma aitaje 9 mwenyewe. Kisha uliza swali ambalo ningependa liingie kwenye kila andalio letu: "Tutajuaje kwamba hii ni kweli daima?"

Mtoto aliyezoea swali hilo hatameza kanuni kwa sababu tu mwalimu kasema. Na atatuuliza sisi pia, kwa hiyo tujiandae.