Mshahara Mdogo, Shati la Ghali

Mfanyabiashara anayetafuta mahali pa kuanzisha karakana au kiwanda kidogo huuliza kwanza pango, kisha huuliza wafanyakazi wa eneo hilo wanalipwa shilingi ngapi kwa mwezi. Ni nadra kusikia akiuliza swali la tatu: kwa fedha hiyo, mfanyakazi atatoa bidhaa ngapi? Mitaji mingi midogo hupotelea hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa karakana mbili za sare za shule. Ya kwanza inamlipa fundi Sh. 250,000 kwa mwezi naye anashona mashati 10 kwa siku. Ya pili inalipa Sh. 400,000 na fundi wake anatoa mashati 20. Kwa siku 26 za kazi, kila shati la karakana ya kwanza limebeba ujira wa karibu Sh. 960, na la pili Sh. 770 tu. Bado pango, umeme na mshahara wa msimamizi, ambavyo katika karakana ya kwanza vinabebwa na nusu tu ya mashati. Mwenye kujisifu kwamba analipa kidogo ndiye mwenye shati la ghali.

Ethiopia imelipitia jambo hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilifungua eneo la viwanda vya nguo mjini Hawassa, kusini mwa Addis Ababa, na kuwavuta wawekezaji wa kimataifa kwa ujira wa kuanzia wa dola 26 za Marekani kwa mwezi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Kituo cha Biashara na Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha New York ulionyesha kwamba ujira huo ulikuwa wa chini kuliko wote katika nchi zinazoshona nguo za kuuza nje. Kenya, kwa mujibu wa utafiti huo huo, ilikuwa inalipa dola 207.

Kwenye karatasi, Hawassa ilikuwa imekwisha shinda. Lakini wasichana waliotoka vijijini kufanya kazi pale walikuta kwamba dola 26 hazitoshi chumba, chakula na nauli. Walibanana kadhaa katika chumba kimoja, na wengi waliondoka. Viwanda vilijikuta, kwa wastani, vinabadilisha wafanyakazi wao wote katika muda wa miezi 12 hivi. Mshonaji huhitaji miezi kadhaa kufikia kasi yake, kwa hiyo mwenye kiwanda alikuwa akilipia mafunzo yasiyokwisha, huku mistari ya cherehani ikijaa wanagenzi. Wakati huo viwanda vya Kenya, vyenye ujira wa karibu mara nane, viliendelea kupeleka nguo zao Marekani.

Kwa haki, pigo kubwa zaidi kwa Hawassa lilikuwa la kisiasa. Kampuni ya PVH ya Marekani ilitangaza kufunga kiwanda chake huko Novemba 2021 kutokana na vita, na Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia katika mpango wa AGOA. Hata hivyo tatizo la tija lilikuwa limekwisha jitokeza kabla ya vita kuanza, na lilitokana na hesabu iliyoanza na mshahara ikaishia hapo hapo.

Mwekezaji mdogo wa Dar es Salaam anakutana na hesabu hiyo hiyo anapofikiria kuhamia Kibaha au Morogoro kufuata pango nafuu. Fundi aliyeamka saa kumi alfajiri na kubadilisha daladala mbili hafiki kazini na mkono mwepesi. Mahali penye chuo cha ufundi karibu, kama VETA ya Chang'ombe au ya Kihonda, pana thamani isiyoandikwa katika mkataba wa pango. Mji mdogo nao una faida yake, kwani fundi aliyekwisha fundishwa hana karakana kumi jirani za kumrubuni. Akiondoka, lakini, wa kuziba pengo hapatikani wiki hiyo.

Kabla ya kutia saini, ni afadhali mwekezaji akasimama nje ya karakana za eneo hilo saa moja asubuhi, akaona wafanyakazi wanafikaje, na akawauliza wenye nazo ni wangapi kati ya mafundi wa mwaka jana bado wapo. Pango la Kibaha likiwa nusu ya lile la Buguruni, tofauti hiyo ipunguzwe kwanza nauli, chakula cha mchana na siku za umeme kukatika, kisha igawanywe kwa idadi ya mashati, ndipo ionekane imebaki kiasi gani.