Ndege ikikohoa, isiruke

Kwa mtu wa Shabunda ao wa Punia, ndege ndogo si anasa. Barabara imeharibika, mgonjwa anangoja dawa, bidhaa zinangoja soko. Ndiyo maana piloti anapozima moteri mbele ya kuruka na kuita fundi, wasafiri wananungunika. Wengine wanamtukana wazi. Lawama hiyo inaweza kuua.

Ndege kama Cessna 206 ina moteri moja tu, yenye silinda sita. Kila silinda ina buji mbili, na kila buji inapata moto kutoka manyeto yake. Mbele ya kuruka, piloti anazima manyeto moja, kisha nyingine, akiangalia mizunguko ya moteri. Kitabu cha ndege hiyo kinaruhusu ipungue hadi 150 kwa dakika, na tofauti kati ya manyeto mbili isipite 50. Moteri ikitetemeka, kuna silinda isiyowaka vizuri.

Mara nyingi ni uchafu wa risasi iliyo ndani ya esansi, ao oili, uliogandama kwenye buji. Piloti anaweza kupunguza esansi na kuongeza mwendo wa moteri kwa muda mfupi ili uchafu uungue. Tatizo likibaki, ndege inabaki chini. Kazi ni ya fundi.

Fundi wa kubahatisha anabadilisha buji zote 12, pesa zinaisha, na kosa linabaki. Fundi anayejua kazi anaendesha moteri kwenye manyeto yenye shida, anaizima, kisha anapima joto: silinda iliyo baridi kuliko zingine ndiyo yenye kosa. Anahamisha buji yake kwenye silinda nyingine. Kosa likiifuata, buji ndiyo mbaya. Lisipoifuata, anachunguza waya na manyeto. Na kama silinda haiwaki vizuri kwenye manyeto zote mbili, anatafuta kama njia ya esansi imeziba, ao anapima kama vali na pete za pistoni zinashika hewa.

Kazi hiyo inaomba saa chache, vifaa, na fundi asiyesukumwa. Mwenye kampuni asimwadhibu piloti aliyekataa kuruka. Serikali nayo ikague daftari za matengenezo kwenye viwanja vidogo pia, si Kinshasa tu. Kampuni za ndege za Congo zimezuiliwa kuruka Ulaya tangu 2006, sababu Ulaya haina imani na ukaguzi wetu. Imani hiyo haitarudishwa na hotuba.

Msafiri pia ana sehemu yake: kungoja. Kukaa chini ya mti pembeni ya kiwanja kunachosha. Lakini moteri ikizimika juu ya pori la Maniema, hakuna pembeni ya barabara pa kusimama.