Ukwaju au Sosi ya Chupa?

Siku hizi ukinunua mishkaki huulizwi kama wataka ukwaju. Unamiminiwa sosi ya chupa, basi. Mimi napinga! Hebu soma karatasi ya chupa: sukari, siki, wanga, nyingine hata rangi. Hiyo ni jamu! Ukwaju je? Roweka kwa maji moto, ukamue, uchuje kokwa, utie pilipili, chumvi na kitunguu saumu, uchemshe mpaka uwe mzito. Wengine huongeza sukari, shauri yao. Kweli, ya chupa haiharibiki upesi, na wengi wetu hatuna friji. Lakini mama muuza ukwaju sokoni naye ana watoto wa kusomesha. Nanyi mnaowacheka wenzenu wanaobeba ukwaju wa nyumbani, mmeuonja?