Ngoma ya Kuazima

Ukipita Kianjai, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, au mji wo wote mdogo wa nchi yetu, hutakosa kijana mwenye kompyuta na kinanda, atungaye wimbo wa arusi au wa kanisa. Akihitaji ngoma, hamfuati mpigaji. Hufungua programu, akachagua sauti iliyoandikwa "ngoma ya Kiafrika", akaridhika. Nakuuliza, msomaji: ngoma ipi? Afrika haina ngoma moja. Huko Chuka, katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, ngoma ndefu hubanwa katikati ya miguu ya mpigaji. Magharibi ya Kenya iko isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni ipi kati ya hizi iliyomo katika kinanda? Pengine hapana hata moja.

Wako wasemao ya kwamba sauti ni sauti, na wachezaji hawaulizi imetoka wapi. Maneno haya ni ya uvivu. Sauti ya namna hii ni sampuli: mlio halisi ulionaswa, ukakatwa, ukafungwa katika kitufe. Aliyeukata ndiye aliyeamua ngoma ipigwe kwa nguvu gani, na wapi: katikati au ukingoni mwa ngozi, kwa kiganja au kwa ncha za vidole. Akiwa mvivu, huchukua pigo moja tu na kulitandaza juu ya vitufe vingi. Likipandishwa hulia kama mkebe, likishushwa hunguruma kama pipa. Mpigaji mwenye milio kumi amefanywa kuwa na mmoja.

Dhara kubwa zaidi liko katika vipimo vya sauti. Kinanda huigawa oktava kwa hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100. Marimba ya Baganda yaitwayo amadinda huigawa kwa hatua 5 zinazokaribia kulingana, yaani kiasi cha senti 240 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: 240 haigawanyiki kwa 100 bila baki. Basi amadinda yakilazimishwa kufuata kinanda, si amadinda tena. Na kizazi kitakacholelewa na sauti hiyo kitamwambia mzee ya kwamba marimba yake yamekosea. Huo ndio msiba ninaouogopa: si kupotea kwa chombo tu, bali kupotea kwa sikio.

Wako na wengine wasemao tuitupe kompyuta. Hao nao siwaungi mkono. Shoka halina kosa. Kosa ni la mkataji. Programu iliyofunga pigo moja yaweza kufunga mapigo mia. Audacity hunasa na kukata sauti. Polyphone huzipanga katika vitufe. Zote mbili hutolewa bure. Nasa kila pigo: la upole, la wastani na la nguvu. Usiukate mvumo wake kabla haujaisha. Mfumo wa MIDI, uliotangazwa mwaka 1983, hupima nguvu ya kidole kwa viwango hadi 127; vitumie. Kisha rekebisha kitufe kwa senti ili kifuate chombo, wala usikilazimishe chombo kifuate kitufe.

Lakini usiibe. Kenya inayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, nayo yataka wenyewe waombwe ridhaa. Mwombe mpigaji ruhusa, mlipe, uandike jina lake pamoja na sauti yake. Na siku ya arusi mwite aje mwenyewe, kwani sampuli ni kumbukumbu. Haiwezi kumwona bibi arusi ikaongeza mwendo.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Mtumwa wa leo hafungwi mnyororo. Huletewa orodha ya sauti akachagua. Wewe ungali kijana, masikio yako ni mazima, na wako wazee wapigaji walio hai. Nenda ukawasikilize kabla ngoma zao hazijanyamaza.