Picha Pekee Isiamue Stenti

Mgonjwa akionyeshwa picha ya mshipa wa moyo wake uliobanwa katikati, mjadala wa kumwekea stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, huwa umekwisha. Nani abishane na picha? Makala hii inabishana nayo.

Picha hiyo, angiogramu, huonyesha umbo la njia, haisemi damu kiasi gani inaufikia msuli wa moyo. Mwaka 1974, K. Lance Gould na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa mbwa wa maabara kwamba moyo ukiwa umetulia, damu haipungui mpaka mshipa ubanwe kwa takriban asilimia 85. Ila uwezo wa kuiongeza damu hiyo kazi inapozidi huanza kushuka mapema zaidi, njia ikibanwa karibu nusu. Ndiyo maana kifua huuma mtu akipanda ngazi, akiketi kikatulia.

Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji wakaufanya upungufu huo upimike mgonjwa akiwa mezani. Waya mwembamba wenye kihisio cha shinikizo hupitishwa hadi ng'ambo ya sehemu iliyobana, dawa ya adenosini hutolewa ili mishipa midogo itanuke, kisha shinikizo la ng'ambo hugawanywa kwa la aota, mshipa mkuu utokao moyoni. (Tunasema tunapima mtiririko; kwa kweli tunapima shinikizo na kuukadiria mtiririko.) Mshipa mzima hutoa 1. Jibu likiwa 0.80 au chini yake, stenti ina hoja.

Utafiti wa FAME, uliotangazwa 2009, ulihusisha wagonjwa 1,005. Katika mwaka mmoja, kifo, shambulio la moyo au kurudia tiba viliwapata asilimia 18.3 ya waliotibiwa kwa picha pekee, na asilimia 13.2 ya waliopimwa, ambao pia waliwekewa stenti chache zaidi. Kati ya sehemu zilizoonekana kubanwa kwa asilimia 50 hadi 70, ni asilimia 35 tu zilizokuwa zikizuia damu kwa kiwango cha kutibiwa.

Kipimo hiki hakimhusu aliyeletwa na shambulio la moyo, mshipa ukiwa umeziba kabisa ghafla. Huyo afunguliwe mara moja. Wala hakigundui ugonjwa wa mishipa midogo.

Tatizo ni bei: waya hutumika mara moja ukatupwa. Lakini stenti isiyohitajika nayo ina bei yake, pamoja na miezi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Mifuko ya bima inayolipia stenti ilipie na waya.